Waliokosekana Jumanne

Daftari la mahudhurio la shamba la mkonge lilikuwa kubwa, likifunguliwa linafunika meza nzima. Kila idara ilikuwa na kurasa zake: wakataji, matrekta, korona, uanikaji, brashi, marobota, karakana, ofisi. Kila mtu alikuwa na mstari wake, na kila siku ilikuwa na kisanduku chake. K kwa aliyefika kazini, L kwa aliye likizo, M kwa mgonjwa aliyeleta karatasi ya zahanati, U kwa mtoro. Niliajiriwa kuwa karani wa daftari hilo katika shamba moja la wilaya ya Korogwe, katikati ya miaka ya 1990, wakati mashamba ya serikali yalipokuwa yakiuzwa kwa watu binafsi na kila tajiri mpya akitaka kujua kwanza ni watu wangapi hasa wanaofika kazini. Baadaye nilisoma nikawa afisa utumishi, nikahamia viwandani. Lakini karibu yote ninayoyajua kuhusu afya ya wafanyakazi yalianzia kwenye zile herufi mbili za mwisho, M na U, na kwenye swali la nani anaamua iandikwe ipi.

Ninaloliamini ni hili: daftari la mahudhurio hueleza afya ya mahali pa kazi kabla halijaeleza tabia ya mfanyakazi. Lisomwe idara kwa idara na siku kwa siku kabla ya mtu yeyote kuitwa ofisini kujieleza. Nimeona likisomwa hivyo mara chache mno, na nimeona watu wakiumia kwa sababu halikusomwa.

Kwenye mkonge mazoea haya yana mizizi ya zamani. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mmea huo Tanganyika mwaka 1893. Inasimuliwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka hapo yakaota mashamba yaliyokuja kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Kazi yote hiyo ilibebwa na watu waliotolewa mbali, manamba, waliofanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ikitiwa alama kila siku iliyokamilika, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Aliyelala na homa siku nne hakukaripiwa wala hakufukuzwa. Kadi yake haikusogea, basi. Nilipoanza kazi mfumo huo ulikuwa umekwisha siku nyingi, lakini wazee wa kambini waliuzungumza kama jambo la jana, na wasimamizi wengi walikuwa watoto wa watu wa kipande. Fikra ilikuwa imebaki ile ile: ugonjwa ni shauri la mtu na mwili wake, siku zinazokatika ni zake, na shamba halimo.

Ndani ya fikra hiyo ndipo lilipozuka suala la brashi.

Niieleze kazi yenyewe kwa wasioijua. Jani la mkonge likikatwa hupelekwa kwenye korona, mtambo wa kuchakata unaosaga nyama ya jani kwa maji mengi na kuacha nyuzi. Nyuzi zinaanikwa juani kwenye waya hadi zikauke, kisha zinaingia brashi. Pale kuna mapipa yanayozunguka yenye meno, na mfanyakazi anashika fungu la nyuzi kavu analilisha upande mmoja, analigeuza, analilisha upande wa pili, mpaka lilainike na kung'aa. Nyuzi fupi na vumbi vinaruka. Jioni ungewakuta akina mama wa brashi nyusi nyeupe, khanga zimefungwa puani, na sakafu imefunikwa kitu laini kinachopeperuka kila mtu anapopita. Kutoka hapo nyuzi hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250, zikapelekwa bandarini Tanga.

Katika kila mkutano wa wakuu wa idara, msimamizi wa brashi alikuja na lalamiko moja: mwanzo wa wiki watu wake hawatoshi. Maelezo yalikuwa tayari hata kabla daftari halijafunguliwa. Mshahara umetoka Jumamosi, mnazi unagemwa hapo hapo kando ya kambi, gongo ipo, ngoma ya Jumapili imekesha, mtu ataamkaje? Alitaka waandikwe U, na U zikizidi, barua za onyo zianze kutoka.

Tabibu wa zahanati ya shamba alikuwa mama wa makamo kutoka Lushoto; sote tulimwita daktari. Alikuwa anaona wagonjwa wa kifua wengi kuliko alivyotegemea, akaja ofisini kwangu mchana mmoja, akavuta kiti.

"Bwana karani, hebu nifungulie brashi peke yake. Nisomee Jumatatu, halafu nisomee Jumanne."

Nikamsomea. Tulirudi nyuma miezi mingi. Jumatatu asubuhi ya brashi ilikuwa imejaa K kutoka juu hadi chini. Walikuwa wamefika. Kilichofuata ni ruhusa za Jumatatu baada ya chakula cha mchana, kisha mapengo ya Jumanne. Kufikia Alhamisi mistari ilikuwa imejaa tena. Akaniomba kurasa za karakana na za matrekta, ambako wanywaji tuliwajua wote kwa majina. Huko mapengo yalikuwa Jumatatu asubuhi, na Jumanne kila mtu yuko kazini.

"Pombe ya Jumapili haimsubiri mtu mpaka Jumanne," alisema. Kisha akaweka kidole kwenye majina mawili matatu ya waliokosekana mara nyingi zaidi. Walikuwa akina bibi wa swala tano, na mmoja mzee wa kanisa. Kambi nzima ilijua hawagusi pombe.

Alichoshuku daktari kina jina, bisinosisi. Ni ugonjwa wa kifua wa watu wanaovuta vumbi la nyuzi za mimea: pamba, kitani, na nyuzi nyingine za jamii hiyo. Una tabia ya ajabu. Mtu akipumzika siku moja au mbili mbali na vumbi, siku ya kurudi ndiyo inayomwadhibu. Anaanza kazi salama, saa kadhaa baadaye kifua kinabana, kikohozi kinaanza, pumzi inakuwa fupi, na jioni mwili unachemka kidogo. Siku zinazofuata unatulia, kana kwamba mwili umezoea. Miaka ikipita, hautulii tena. Uingereza, ambako viwanda vya pamba vya Lancashire viliwaumiza watu kizazi hata kizazi, daktari Richard Schilling katika miaka ya 1950 aliupanga ugonjwa huu kwa hatua kufuatana na siku za wiki ambazo kifua kinabana: mwanzo ni siku ya kwanza ya kazi tu, mwisho ni kila siku. Na hapa kwetu haikuwa siri. Mwaka 1978 utafiti juu ya bisinosisi kwa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania ulikwisha kuchapishwa katika jarida la kitabibu, na brashi ilitajwa humo. Habari ilikuwepo miaka yote hiyo. Haikuwa imefika kwenye mkutano wa wakuu wa idara.

Mtaliano Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake cha mwaka 1700 juu ya magonjwa ya wafanyakazi, aliwashauri madaktari waongeze swali moja kwa yale wanayomuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Yeye mwenyewe alikwisha kukisikia kikohozi cha wachanaji wa kitani. Daktari wetu alilichukua swali lile akaligeuzia upande wa ofisi. Kila ukiona M au U, uliza kwanza: hii ni idara gani, na ni siku gani?

Baada ya hapo nilianza kuliona daftari kwa macho mengine. Wakataji walikuwa na magonjwa yao: jicho lililochomwa na mwiba wa ncha ya jani, mgongo, nyoka. Korona walikuwa na ngozi. Maji ya mkonge yanawasha, na anayekaa ndani yake kutwa huchubuka mikono hadi kwenye viwiko. Homa ilikuja kwa wote baada ya masika, lakini ilianzia kwenye kambi iliyo karibu na mabwawa ya maji machafu. Hakuna hata moja kati ya haya lililohitaji kumjua mtu binafsi. Yote yalikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye rula na nusu saa.

Barua ya daktari kwa meneja haikutaja jina la mtu. Nilijifunza sana kutoka kwenye barua ile. Ilieleza idara, siku, na vumbi, ikaomba vitu vinavyoshikika: kifyonza vumbi juu ya mapipa, madirisha upande upepo unakotoka, sakafu imwagiwe maji kabla ya kufagiwa, watu wapimwe pumzi kila mwaka, na ambao kifua kimeanza kubana wahamishwe mapema bila kukatwa mshahara. Kwanza vilikuja vitambaa vya kufunga puani. Kitambaa huzuia nyuzi unazoziona. Lile vumbi jembamba linaloingia ndani kabisa linapita. Vifyonza vumbi vilikuja baadaye sana, na hoja iliyovileta haikuwa ya kifua. Mhasibu alionyeshwa kwamba kila Jumanne marobota yanapungua, na yakipungua shehena inasubiri Tanga, na kusubiri kunalipiwa. Sioni vibaya kwamba ilikuwa hivyo. Anayetaka watu wapumue awe tayari kuzungumza lugha ya marobota, maadamu mwisho wake ni mtambo kufungwa ukutani. Mapengo ya Jumanne yalipungua kwa namna ambayo hata msimamizi aliyetaka barua za onyo aliikiri. Kwa mabibi waliokuwa wamekaa brashi miaka mingi, faida ilikuwa ndogo. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kupangiwa kazi na apimwe tena mara kwa mara akiwa kazini. Tangu 2015 tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofidia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Hapo ndipo daftari linapokuwa na uzito wa pili. Mama aliyeandikwa M kwa kifua kila mwanzo wa wiki, miaka kadhaa mfululizo, katika idara ile ile, ana ushahidi mkononi. Aliyeandikwa U ana rekodi ya utovu wa nidhamu, na kwa kanuni zetu za kazi kukosekana zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya kueleweka kunaweza kumwachisha mtu kazi. Tofauti kati ya hayo mawili ni kalamu ya karani na karatasi ambayo pengine zahanati ilikuwa imeishiwa siku ile.

Kiwandani mjini nilikutana na tatizo lililo kinyume cha lile la shambani. Hapa walikuja mno.

Kulikuwa na posho ya mahudhurio. Ukimaliza mwezi bila kukosa hata siku moja, unaongezewa fedha. Ukikosa moja, kwa sababu yoyote ile, inapotea yote. Ilionekana jambo jema, na kweli utoro ulishuka. Lakini kwa mtu wa kima cha chini posho ile ilikuwa ndiyo kodi ya chumba. Hivyo watu walikuja na homa. Walikuja na tumbo la kuhara, wakaomba wenzao wawashikie mashine. Kijana mmoja wa idara ya kufungasha alikohoa wiki baada ya wiki, wenzake wakimpa tangawizi na ndimu, wakimbadilishia nafasi akae karibu na mlango. Hakukosa siku hata moja. Jina lake lilisomwa Mei Mosi miongoni mwa wanaostahili kupongezwa kwa mahudhurio. Alipokuja kupimwa ilikuwa ni kifua kikuu, na mwenzake wa meza moja naye akakutwa nacho.

Nasema kwa uchungu, maana wale vijana wote wawili niliwapenda: daftari la idara ile lilikuwa safi kuliko yote kiwandani. K mstari mzima. Mgonjwa anayekuja kazini haonekani kwenye karatasi, na kwa sababu haonekani hakuna anayemhesabia gharama. Tangu hapo, kila ninapokuta idara isiyo na M hata moja kwa miezi, hofu hunishika kabla ya furaha. Binadamu huugua. Idara ya watu arobaini ambayo hakuna anayeugua ni idara ambayo watu wanaogopa kusema.

Tulibadilisha posho. Siku yenye ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa, haikuhesabiwa tena kuwa imeivunja. Utoro pekee ndio ulioivunja. Mwajiri aliogopa kwamba kila mtu angeleta ED, na mwezi wa kwanza kweli ziliongezeka. Kisha zikatulia mahali fulani, juu kidogo ya zamani, na hapo ndipo palikuwa pahala pa haki, kwa sababu zamani ile ilikuwa ya uongo. Tukaweka na sharti la kikohozi: mtu akifikisha wiki mbili anakohoa, msimamizi anampa ruhusa yenye malipo akapimwe, na kama ni kifua kikuu anajua mapema kwamba dawa ni bure, kwamba atazinywa miezi sita, na kwamba kazi yake ipo. Hili la mwisho ndilo lililowatoa watu mafichoni. Dawa walijua zipo. Kazi ndiyo waliyokuwa hawana hakika nayo.

Daftari linaweza pia kumsaliti mtu. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watu waliokuwa wanakufa walianza kurudi kazini, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikuwepo kuliona. Lakini zamani hizo kliniki ilimtaka mtu kila mwezi. Pengo moja, tarehe zile zile, mwezi hadi mwezi. Karani yeyote angeweza kulisoma, na makarani wana midomo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya mtu, ila haiwezi kuficha muundo wa visanduku. Tulichofanya ni kuweka aina moja ya ruhusa, ya kliniki, kwa wote: mjamzito, mwenye presha, mwenye sukari, mwenye mtoto wa kupimwa uzito, na mwenye CTC, yaani kliniki ya dawa hizo za kufubaza virusi. Karatasi ilitaja saa ya kutoka na saa ya kurudi. Haikutaja mlango aliogonga.

Ugonjwa mrefu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapoona waajiri wengi wazuri wakipotea njia kwa kukaa kimya. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa kila miezi 12. Kwa kulinganisha, sisi tumepewa nafasi pana. Nafasi hiyo inapotea mikononi mwetu kwa sababu hakuna anayemweleza mgonjwa anasimama wapi. Siku ya 64 inafika, mshahara unaingia nusu, na mke wa mgonjwa anaijua habari hiyo kwenye dirisha la benki, ana risiti za hospitali mkononi.

Mzee mmoja, fundi wa korona kwa miaka mingi, alipata kiharusi. Nilikuwa nimerudi shambani wakati huo, sasa nikiwa afisa utumishi. Nilikwenda nyumbani kwake na mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, kabla ya siku 63 kwisha. Mke wake alikuwa anaanika mihogo uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kumwona, au mmekuja kumwachisha?"

Ilibidi nikae kwanza. Nikamwambia tumekuja kumjulia hali, na tumekuja na hesabu ya mshahara wake ili mwezi ujao usiwashtue. Nikamwonyesha kwenye karatasi: mpaka tarehe hii ni kamili, kuanzia hii ni nusu, mpaka hii. Akamwita mtoto wake mkubwa aisome kwa sauti. Mzee alikuwa amelala ndani, anasikia, na mtoto alipomaliza kusoma aliuliza swali moja kwa ulimi uliokuwa bado mzito: "Na baada ya hapo?"

Baada ya hapo kanuni za mwaka 2007 zinazofuatana na sheria hiyo zinamtaka mwajiri achunguze kabla hajasema mtu hawezi: hali ni ya muda au ya kudumu, ni kiasi gani, kazi inaweza kurekebishwa, au iko kazi nyingine anayoiweza. Wengi huisoma sehemu hii kama orodha ya kuwekea alama ili wafike kwenye barua ya mwisho. Kwa mzee yule tuliifanya kwa dhati. Mkono wa kushoto haukurudi. Lakini masikio yalikuwa yale yale, na masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakiujua mtambo. Alikuwa anaweza kusema kisu gani kimelegea kabla mtambo haujasimamishwa. Alirudi kwa saa nne kwa siku, kwenye kiti, akiwafundisha vijana. Zikaongezeka taratibu. Alistaafu kwa umri wake, akiwa bado kazini. Shamba lilifaidi, na ninalitaja hilo kwa makusudi, maana kazi nyepesi mara nyingi hutolewa kama sadaka: mtu anawekwa getini anahesabu magari yasiyokuja, mpaka aibu imwondoe mwenyewe.

Kuna pia suala la nani anakwenda kumwona mgonjwa. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na asiyeutimiza husemwa. Lakini msimamizi akitumwa na kalamu sikioni, majirani wote wanajua amekuja kukagua kama kweli mtu anaumwa, na mgonjwa anajilaza kitandani hata kama alikuwa ameanza kukaa. Nilikataa kuwatuma wasimamizi. Walikwenda wenzake wa zamu, na ofisi ikatoa nauli na sukari. Mwenye shaka na cheti aende kwa daktari aliyekitoa. Na siku mtu anaporudi, dakika kumi za faragha zina faida kuliko fomu: pole, unajisikiaje, wiki hii tukupunguzie nini, na je, kuna kitu kazini kilichokuumiza? Jina la ugonjwa si lazima ulijue. Swali la mwisho ndilo linaloogopwa na ofisi nyingi, kwa sababu jibu lake linaweza kuhitaji fedha.

Juu ya misiba nitasema machache. Sheria inatoa angalau siku nne zenye malipo kwa mtoto anayeumwa au kufariki, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Haimtaji baba mdogo, wala mjomba, wala shangazi aliyekulea tangu ukiwa wa kubebwa. Nimesikia wakuu wa kazi wakiuliza kwa ukali, "Baba yako si alikufa mwaka juzi?" Huyo anayezikwa leo ndiye aliyelipa ada ya shule. Mtu anayenyimwa ruhusa ya msiba kama huo ataondoka hata hivyo, au atabaki mashineni mwili upo na akili haipo, na kwenye mitambo yenye meno hiyo ni hatari ya vidole. Mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri unaweza kupanua orodha hiyo. Panapokuwa na tawi linalojua kudai, hupanuliwa.

Linalonisumbua zaidi leo ni watu wasio na mstari kwenye daftari lolote. Nilipopita brashi mara ya mwisho, sehemu kubwa ya waliokuwa wanalisha mapipa ni vibarua wa siku. Anayeanza kubanwa kifua haleti karatasi, haombi ruhusa. Kesho yake haji, na getini wamesimama wengine kumi. Takwimu za ugonjwa za idara zinakuwa nzuri mwaka hadi mwaka, na mwajiri anaamini kwa moyo safi kwamba tatizo limekwisha. Kwa sheria, mwenye chini ya miezi sita ya utumishi hana likizo yenye malipo. Lakini sheria hiyo hiyo inawatambua wafanyakazi wa msimu, na inamtambua aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa na kuzidi miezi sita. Vibarua wengi ninaowajua wanaipita hesabu hiyo kwa mbali. Hawawezi kuithibitisha, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo viwanda vinaponiita sasa nivishauri namna ya kupunguza utoro, kitu cha kwanza ninachoomba ni orodha ya getini. Mara nyingi haipo, au ipo kwa idadi bila majina. Tunaanza kwa kuitengeneza: jina la kibarua, idara aliyopelekwa siku ile, siku alizokuja mwezi huu, siku aliyoacha kuja, na namba ya simu. Kisha ninamwomba mwajiri ateue mtu wa kuwapigia walioacha kuja, awaulize wanaendeleaje na kilichowaondoa, na majibu yao yaandikwe kwenye ukurasa wa idara, pamoja na ya wenye ajira.